Anzia kanisani: vijiji vya mawe vya Uingereza na kondoo waliovijenga

Wageni wakitoka nyumbani na kusema wanataka kuiona Uingereza ya kwenye kalenda, ile ya nyumba za mawe rangi ya asali na kijito kinachopita katikati ya kijiji, sisi tunaoishi huku tunawapeleka Cotswolds. Ni vilima vilivyoanzia karibu na Bath vikaenda kaskazini-mashariki hadi karibu na Stratford-upon-Avon, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 lililowekwa chini ya hifadhi tangu 1966. Treni kutoka kituo cha Paddington, London, hadi Moreton-in-Marsh huchukua kama saa moja na nusu. Wageni hupiga picha Bibury, hunywa chai Bourton-on-the-Water, hununua sabuni ya mrujuani, na jioni wamesharudi London.

Roho huniuma ninapowaona wakirudi hivyo. Wameona uzuri, lakini hakuna aliyewaambia uzuri ule ulilipiwa na nani, kwa fedha gani, na kwa nini umebaki vilevile wakati miji mingine imebomolewa na kujengwa upya. Ndiyo maana nina desturi yangu. Tukishuka basi, hatuanzii dukani wala darajani. Tunaanzia kanisani, awe mgeni ni Mkristo au Mwislamu, kwa sababu huko ndiko matajiri wa zamani walikoacha hesabu zao.

Kanisa la kuanzia kwangu ni la Northleach. Mji wenyewe ni mdogo, una uwanja wa soko na barabara kuu, na magari mengi huupita kwa mbali bila kusimama. Lakini kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo ni kubwa kupita kiasi kwa mji wa ukubwa ule. Ukiingia, tazama chini. Sakafuni kuna mabamba ya shaba yaliyochongwa sura za watu: wanaume wenye makanzu marefu, wake zao pembeni, watoto wamepangwa kwa safu. Miguuni mwao, pale ambapo makaburi ya mashujaa wa vita huwekwa simba au mbwa, hawa wana kondoo.

Nilimpeleka shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Maisha yake yote ameuza khanga na vitenge. Akainama juu ya bamba la John Fortey, aliyekufa 1458, akamtazama muda mrefu.

"Mwanangu, huyu bwana mguu mmoja kaukanyaga juu ya kondoo. Na huu mwingine?"

"Gunia la sufu, shangazi."

"Kazikwa na biashara yake." Kisha akaona alama ndogo iliyochorwa kwenye bamba, mistari iliyokatizana na herufi. "Na hii ni alama ya mzigo. Ndiyo hii hii tunayoandika kwenye marobota, ili likifika bandarini lisichukuliwe na mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kila tajiri wa sufu alikuwa na alama yake, iliyowekwa kwenye marobota yaliyosafirishwa ng'ambo, na wengi wao walitaka alama hiyo iwekwe na kaburini. Shangazi hakuhitaji kibao cha maelezo. Aliwatambua wale wafu kama wafanyabiashara wenzake.

Fortey huyu ndiye aliyeacha fedha za kuinua sehemu ya kati ya kanisa na kuiwekea madirisha makubwa juu, ndiyo maana ndani kuna mwanga mwingi kiasi kile. Zilikuwa fedha za kondoo. Kondoo wa Cotswolds walikuwa wakubwa, wenye sufu ndefu na nzito, na hadi leo wapenzi wa mbegu hiyo huwaita simba wa Cotswolds. Katika Enzi za Kati sufu ya Uingereza ilitafutwa na wafumaji wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) na Italia, na kuanzia 1363 sehemu kubwa ya biashara hiyo ilipitishwa kwenye soko maalumu mjini Calais, pwani ya Ufaransa, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Wafalme walipigana vita kwa ushuru wa sufu. Mpaka leo anayeongoza vikao vya Baraza la Malodi huko London hukalia kiti chekundu kisicho na mgongo, kilichojazwa sufu, kuwakumbusha utajiri wa nchi ulikotoka.

Kuna jambo jingine lililomgusa shangazi zaidi ya yote. Biashara ya sufu ilipoanza kuyumba, Bunge lilipitisha sheria mnamo 1666, ikakazwa 1678, kwamba kila maiti azikwe katika sanda ya sufu ya Kiingereza. Ndugu walitakiwa kula kiapo kwamba marehemu hakuvishwa kitani wala hariri, na faini ya kukiuka ilikuwa pauni 5. Sheria ilifutwa rasmi 1814. Shangazi alinyamaza, kisha akasema kwetu sanda ni bafta nyeupe, ya tajiri na ya maskini sawasawa, na kwamba serikali kuingiza mkono kwenye sanda ya mtu ili wenye mali wasipate hasara ni jambo zito. Nami nakubaliana naye. Tangu siku hiyo kila nikipita kwenye makaburi ya zamani ya vijiji vile huwa nalifikiria hilo.

Kutoka Northleach twende kaskazini, Chipping Campden. Barabara yake kuu imepinda taratibu kama upinde, na nyumba zimeshikana pande zote mbili, hakuna mbili zinazofanana ila zote ni za jiwe moja. Ni jiwe la chokaa linalochimbwa humo humo vilimani. Kaskazini lina manjano ya asali, na kadiri unavyokwenda kusini linazidi kupauka. Hata mapaa ni ya mawe, vibao vyembamba vilivyopangwa vikubwa chini na vidogo juu. Nyumba ya William Grevel, iliyojengwa karibu na 1380, bado imesimama barabarani na watu wanaishi ndani yake. Yeye mwenyewe alikufa 1401, na bamba lake kanisani linamwita kwa Kilatini ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza yote. Huyu ndiye aina ya mtu aliyewakopesha wafalme.

Katikati ya mji kuna jengo la soko la 1627: nguzo, matao, paa, na sakafu ya mawe iliyochakaa kwa nyayo mpaka ikawa mabonde. Alilijenga Sir Baptist Hicks, mfanyabiashara wa hariri wa London aliyetajirika kwa kuiuzia na kuikopesha ikulu, ili wauza siagi, jibini na kuku wasinyeshewe. Kaa humo dakika chache. Nimeshaona majengo makubwa zaidi na ya gharama zaidi, lakini machache yaliyofanywa kwa heshima kama hiyo kwa mtu wa kawaida anayeuza kuku.

Burford ndiko ninakokupenda kuliko kote, na ndiko watu wengi wanakokosa jambo kubwa zaidi. Barabara yake kuu inateremka kilima hadi daraja la mto Windrush, na madukani watu hujazana. Kanisa liko chini, pembeni kidogo. Ndani yake kuna birika la ubatizo lenye ukingo wa risasi, na kwenye risasi hiyo mtu amechora kwa kisu jina lake, ANTHONY SEDLEY, na mwaka 1649, na neno la Kiingereza la "mfungwa", ameliandika kwa makosa kama asiyekwenda shule sana.

Mwaka huo mfalme Charles I alikuwa amekwisha kukatwa kichwa na nchi ilikuwa mikononi mwa Bunge na jeshi lake. Askari wengi wa jeshi hilo walikuwa wamepigania kitu zaidi ya kumwondoa mfalme. Kulikuwa na kundi lililoitwa Levellers, waliodai haki ya kupiga kura ienee, sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo, na watu waachiwe kuabudu kwa dhamiri zao. Askari walikuwa hawajalipwa mishahara, na sasa waliambiwa wakapigane Ireland. Wengine wakakataa. Oliver Cromwell, mmoja wa makamanda wa jeshi hilo, akawavamia usiku wakiwa Burford, akawafungia mamia yao, karibu 340, ndani ya kanisa hili kwa siku kadhaa. Tarehe 17 Mei 1649 watatu wakatolewa nje, wakapigwa risasi ukutani mwa kanisa, huku wenzao wakilazimishwa kutazama kutoka juu ya paa.

Sedley alipona. Mchoro wake upo, unaweza kuugusa kwa kidole. Na kila mwezi wa Mei watu hukusanyika Burford, hutembea barabarani na mabango, wakawakumbuka wale watatu. Nikisimama pale huwa nawaza jinsi mtu anavyoweza kuja mpaka mlangoni mwa kanisa hilo, akapiga picha mnara, akaondoka na aiskrimu. Sehemu ya madai ya wale askari ilichukua zaidi ya miaka 200 kutimizwa katika nchi hii, na haki ya kura kwa kila mtu mzima ilikuja karne ya 20.

Kutoka Burford kuna matembezi ambayo ningemlazimisha kila mgeni ayafanye kama ningekuwa na uwezo. Uingereza ina sheria nzuri sana ya njia za miguu za umma: mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga, na mtu yeyote ana haki ya kukatiza malisho yake mradi afuate njia na afunge lango nyuma yake. Fuata bonde la Windrush kuelekea mashariki. Baada ya muda, katikati ya malisho, utaona kanisa dogo limesimama peke yake. Hakuna barabara ya lami, hakuna duka, nyumba za kuhesabika kwa mbali. Ni Mtakatifu Oswald wa Widford.

Zamani hapo palikuwa na kijiji. Kimekwisha. Ukitazama vizuri majani yanayolizunguka kanisa, hasa jua likiwa chini, utaona ardhi imeinuka na kushuka kwa mistari. Hapo ndipo zilipokuwa nyumba na njia. Kanisa lenyewe lilijengwa juu ya magofu ya jengo la Kirumi, na sakafu yake ya vigae vidogo vya rangi iligunduliwa 1904. Ukutani kuna michoro ya karne ya 14 iliyofifia.

Uingereza ina maelfu ya vijiji vilivyokufa hivi. Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi mno, na baada yake wenye ardhi wengi waliona kwamba kundi moja la kondoo na mchungaji mmoja vina faida kuliko familia 20 za wakulima. Sehemu nyingi watu walifukuzwa, mashamba yakageuzwa malisho, ua ukazungushwa. Kwa hiyo tunapousifu ukubwa wa kanisa la Northleach ni haki tukumbuke na udogo wa Widford. Sufu ile ile iliyoinua ukuta mmoja ilivunja kuta nyingine. Sisemi hivi kumharibia mtu safari. Nasema kwa sababu mimi nilianza kuvipenda vijiji hivi kwa dhati siku nilipojua kwamba viliishi, viliumia, na baadhi yao havikuvuka.

Endelea mbele kidogo utafika Swinbrook. Kanisani kuna familia ya Fettiplace, waliokuwa mabwana wa eneo hilo: wanaume sita wa mawe, watatu watatu kwenye makumbusho mawili yaliyo ubavu kwa ubavu, wameegemea kiwiko mmoja juu ya mwenzake kama abiria kwenye vitanda vya treni ya Kigoma. Ukoo wao ulikwisha, na jumba lao kubwa halipo tena. Si mbali na hapo kuna baa ya kijiji kando ya mto ambapo utapata supu na mkate ukiwa umechoka.

Sasa, kwa nini yote haya yamebaki? Hili ndilo swali wageni wasilouliza, na jibu lake ni rahisi kulisema ingawa lina machungu. Fedha ziliondoka. Uingereza ilipoacha kuuza sufu ghafi na kuanza kuuza vitambaa, wafumaji na vinu vya maji vilijaa kwenye mabonde yenye mito ya kasi. Bibury ni mfano. Ile safu ya nyumba ndogo iitwayo Arlington Row, iliyowahi kuchapishwa ndani ya pasipoti ya Uingereza, ilijengwa karibu na 1380 kama ghala la sufu la watawa, na katika karne ya 17 ikagawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Mbele yake kuna kisiwa cha majani mabichi; huko ndiko vitambaa vilikoanikwa baada ya kupigwapigwa kwenye maji ili nyuzi zishikane. Halafu ikaja mvuke. Mashine za mvuke zilitaka makaa ya mawe, na makaa yalikuwa Yorkshire na kaskazini. Kazi ikahamia huko. Cotswolds ikabaki na mawe yake, na hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa ajenge upya.

Mtu aliyekulia Pangani au Bagamoyo anaielewa hadithi hii bila kuelezwa zaidi. Biashara ikihamia bandari nyingine, mlango wa kuchonga unabaki mahali pake.

Mashariki mwa nchi, Suffolk, ilitokea vilevile mapema zaidi. Lavenham nyumba zake si za mawe; ni za mbao za mwaloni na udongo, zimelala na kuegemeana kwa sababu mbao zilijengwa zikiwa mbichi zikajipinda zilivyokauka. Katika kodi ya 1524 mji huu mdogo ulikuwa wa 14 kwa utajiri Uingereza nzima, kwa sababu ya kitambaa chake kizito cha buluu. Mwaka uliofuata Henry VIII alipodai fedha zaidi kwa ajili ya vita vya Ufaransa, maelfu ya watu wakakusanyika Lavenham kukataa, na mfalme akarudi nyuma. Lakini kitambaa chepesi na cha bei nafuu, kilichofumwa Colchester na wakimbizi kutoka Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), kikaua soko lake. Ndani ya vizazi vichache mji ukawa maskini. Mnara wa kanisa lake una urefu wa mita 43, na unauona kwa mbali sana kabla hujaiona nyumba yoyote.

Kwetu sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki kuna kituo kimoja zaidi, nacho hakimo kwenye mizunguko ya mabasi ya watalii. Ni Stroud, ukingo wa magharibi wa Cotswolds. Mabonde yake yalikuwa maarufu kwa kitambaa chekundu cha sare za jeshi, na Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilikuwa mnunuzi mkubwa wake. Vitambaa hivyo vilivuka bahari pamoja na milki yenyewe. Katika kitongoji cha Paganhill, kando ya shule, kuna tao la mawe lililojengwa 1834 na mwenye shamba aliyeitwa Henry Wyatt. Maandishi yake yanasema limesimamishwa kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza, tarehe 1 Agosti 1834. Ilichukua miaka 39 zaidi kabla Sultani Barghash hajatia saini ya kufunga soko la watumwa la Unguja. Nilimweleza shangazi tarehe hizo mbili tukiwa chini ya tao. Akaniuliza kama waliofuma kile kitambaa chekundu walilipwa vizuri. Nikamwambia hapana, wafumaji wa mabonde yale waligoma na kufanya ghasia mnamo 1825 kwa sababu ya ujira. Akasema tuwaombee wote, wa hapa na wa kule.

Leo fedha zimerudi Cotswolds, kwa sura nyingine. Nyumba ambayo mfumaji alilala na watoto sita sasa inanunuliwa kwa bei isiyomithilika na mtu wa London anayekuja mwishoni mwa juma. Muuguzi, mwalimu na dereva wa basi wanaoihudumia Burford mara nyingi hawawezi kuishi Burford. Bibury wakazi wamelalamika kwa miaka kuhusu mabasi makubwa ya watalii yanayoziba njia. Mimi ni mmoja wa wanaokuja, na sidhani dawa ni kutokuja. Dawa ni kuja kwa namna itakayowafaa wenyeji. Kuna vijiji ambako duka lilipofilisika wanakijiji walichanga fedha wakalifungua tena, na sasa wanaliendesha kwa zamu bila mshahara. Mkate na maziwa yanunue humo. Kanisani hakuna kiingilio, lakini karibu na mlango kuna kisanduku, na paa la mawe ni ghali mno kulitengeneza. Weka chochote.

Ukiweza, lala usiku mmoja. Watalii wa siku moja wakishaondoka saa kumi na moja jioni, Chipping Campden na Burford huwa mali ya wakazi tena, na hapo ndipo utapata mzee wa kuzungumza naye kwenye benchi. Mei na Juni mchana ni mrefu na mashamba ni mabichi. Septemba kuna watu wachache. Vaa viatu vya matope hata kama kuna jua. Na kama huna gari, pigia hesabu Jumapili mapema, maana vijiji vingi siku hiyo havina basi hata moja.